Siku moja ya bahari Unguja: Nakupenda na Changuu, Mnemba au Chumbe?

Mgeni_wa_Bara: Wakuu, habari zenu. Tunakuja Unguja na familia, siku ya bahari ni moja tu. Wengine wanasifia fungu la Nakupenda pamoja na kisiwa cha Changuu chenye kobe na gereza la zamani, wengine kisiwa cha Mnemba, wengine kisiwa cha Chumbe. Niende wapi? Nataka nilipie wiki hii.

Pwa_na_Jaa: Mkuu, tarehe hujasema, mnafikia wapi hujasema, watoto wapo au hawapo hujasema. Tarehe ndiyo inayoamua. Nakupenda ni mchanga mtupu, maji yakijaa unamezwa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, Unguja maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: saa nne asubuhi yamejaa, na hata yakipwa jioni hayatoki sana, fungu linabaki jembamba. Bamvua anza Nakupenda umalizie Changuu. Maji mafu anza Changuu.

Bi_Muyuni: Mnemba tu. Samaki wa pale hawana mfano. Ila jueni kisiwa chenyewe ni cha hoteli, asiye mgeni wao hashuki. Mnaogelea kwenye matumbawe pembeni. Boti zinatoka Matemwe, Muyuni au Nungwi.

Pwa_na_Jaa: Bi Muyuni, kwa watoto hapana. Mnemba iko wazi kwa bahari kuu, kaskazi ikivuma wanatapika kabla hawajafika.

Tanga_Moja: Nieleze kinachoharibu siku za watu pale Nakupenda, maana kinajirudia. Bamvua bahari hushuka karibu mita 4 kwa saa sita, lakini si kwa mwendo mmoja. Saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupwa hutoka kama mita nzima kila saa. Nahodha akikisogeza chombo mchangani saa hizo ili abiria wasilowe, robo saa tu tumbo limekaa chini. Abiria kumi wanasukuma, hakiendi. Hapo ni kungoja maji yarudi, jua la utosi, hakuna mti hata mmoja, maji ya kunywa yamekwisha. Wakati wa kujaa ni hatari nyingine: ncha za fungu hukatwa kwanza na mkondo hupita hapo kwa nguvu. Watoto wasiogelee nchani. Nahodha anayejua hutia nanga penye maji ya kifua na abiria wakatembea. Muulizeni kabla ya kulipa: unatia nanga wapi, na tunaondoka saa ngapi?

Mla_Urojo: Na mwavuli hautoshi. Mchanga mweupe unarudisha jua, mnaungua mkiwa kivulini. Fulana za mikono mirefu, maji lita moja na nusu kila mtu. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, mkimwona mwacheni majini, msimnyanyue kwa picha.

Kitongoji: Changuu pia si kobe tu. Lile gereza la 1893 halikufungiwa mfungwa, likawa karantini ya wagonjwa.

Mla_Urojo: Kabla ya gereza palifungiwa watumwa. Usipasafishe.

Kitongoji: Sijapasafisha, nasema jengo. Kobe wenyewe asili yao Aldabra, walikuja kutoka Ushelisheli 1919. Wapeni majani ya walinzi tu, na mtoto asipandishwe mgongoni.

Mgeni_wa_Bara: Samahanini. Ni Jumamosi ijayo, tunalala Mji Mkongwe. Watoto wa miaka 4 na 7, na mama mkwe anaumwa magoti.

Pwa_na_Jaa: Siku hiyo mwezi ni nusu, maji mafu. Changuu asubuhi, fungu baada ya saa nane.

Tanga_Moja: Magoti ni jambo kubwa. Ufukweni Forodhani mnaingia majini ndipo mpande. Dai boti yenye ngazi ya nyuma, na majaketi ya kujiokolea saizi ya watoto, muwavishe mkiwa bado nchi kavu.

Kitongoji: Mama angefurahi zaidi Chumbe. Matumbawe yamehifadhiwa tangu miaka ya 1990, mnara wa taa wa 1904, msitu wenye kivuli. Lazima muweke nafasi mapema.

Tanga_Moja: Njia ya msituni ni mawe ya matumbawe yenye makali. Kwa magoti yale?

Bi_Muyuni: Basi mama abaki hotelini apumzike, nyinyi mje Mnemba.

Mgeni_wa_Bara: Mama hataki kubaki. Na fungu la jioni hiyo litakuwa na upana gani?