Mrejesho: Orodha ya ukongwe kazini baada ya kampuni mbili za ndege kuungana

Ndugu zangu, niliuliza iwapo miaka yangu 9 ya ufundi wa ndege ingehesabiwa upya baada ya mwajiri wangu, mwenye karakana ndogo pale uwanja wa Kisongo, Arusha, kuunganishwa na kampuni nyingine. Mlionishauri nianze na mkataba wa hali bora (makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri) kabla ya kukimbilia CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mlikuwa sahihi, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakipa haki ya kujadiliana na mwajiri chama chenye wanachama walio wengi, na chetu, fomu za uanachama zilipohesabiwa upya, kilikizidi chama cha wenzetu wa kampuni ile nyingine kwa watu wachache.

Ugumu ulikuwa kwenye orodha ya ukongwe, yaani nani ahesabiwe wa zamani kazini kuliko nani. Wenzetu walitaka sote tuwekwe chini yao. Aliyetutuliza ni mzee wetu wa stoo (sijui huyasoma wapi haya), aliyetukumbusha kwamba marubani wa US Airways na America West, kampuni za ndege za Marekani zilizoungana mwaka 2005, waliendelea kugombania orodha kama hiyo kwa miaka mingi hata baada ya mwamuzi kutoa uamuzi wake mwaka 2007.

Tumesaini Ijumaa: kipimo ni tarehe ya kuajiriwa. Jina langu liko mstari wa 14, limeandikwa kwa kalamu juu ya jina lililokatwa. Posho ya zamu za usiku bado inajadiliwa.