Mtoto akiharibu kipande cha mbao, apewe kingine?

Mama Ngamiani (Tanga):
Salaam wanajamvi. Jumamosi tunakusanya watoto sita wa miaka 8 hadi 11 wajifunze useremala wa mkono, bila umeme. Shabaha yetu ni subira. Lakini msumeno ukitoka nje ya mstari, mtoto anatupa kipande na kudai kingine. Nimpe? Na waanze na nini? Kuna aliyeshauri marufaa, kile kibao cha kukunja cha kuwekea msahafu.

Fundi wa Muheza:
Dada, marufaa yaache kwanza. Bawaba yake inachongwa humo humo kwenye ubao mmoja. Jino moja likikatika, kazi yote imekwisha. Anayeanza apewe kazi ambayo kosa lake lina dawa. Kigoda kinafaa: cha kukalia sentimita 30, miguu miwili ya ubao sentimita 22, na kipande cha kuishikilia miguu chini.

Tumia msonobari wa Shume, inchi moja kwa nane, usio na vifundo. Mtiki wa Longuza unapendeza, lakini unakula makali haraka, na mtoto anayesukuma randa butu hudhani udhaifu ni wake.

Achore mstari kwa guni (kipimo cha pembe mraba) pande zote nne, akate milimita 2 nje yake. Aanze kwa kuvuta msumeno nyuma mara mbili tatu, kidole cha shahada kimenyooka kwenye mpini. Ukianza kupinda asiulazimishe kurudi, utabana. Ageuze ubao, akate kutokea upande wa pili. Kilichozidi akimalize kwa randa, kutoka kila ukingo kuja katikati. Akipitiliza, ukingo utabanduka.

Kwa hiyo usimpe kingine. Mguu mmoja ukiwa mfupi, na wa pili ukatwe ulingane nao. Kigoda kitakuwa kifupi, ila kitakalika.

Mwalimu, Pangani:
Naongeza jambo: ubao ukipasuka wenyewe kwenye fundo, mpe mwingine. Hilo si kosa lake, na kumwadhibu kwa kosa la mti ni kumvunja moyo.

Kabla ya kudai subira, kagua zana. Meza iwe usawa wa kifundo cha mkono, mtoto akisimama wima mikono chini. Kipande kibanwe kwa jiriwa, kisishikwe kwa goti. Patasi inolewe mpaka ikate karatasi bila kuichana, na mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Msumari wa inchi 2, gonga ncha iwe butu kidogo, la sivyo msonobari utapasuka pembeni.

Mama Ngamiani:
Ahsanteni sana. Na akishapandwa na hasira?

Fundi wa Muheza:
Aweke msumeno chini, asishike chochote chenye makali. Mpe msasa namba 80 asugue ubao wa kukalia, kufuata nyuzi. Akitulia, mrudishie kipande kile kile, aweke kidole pale mkato ulipoanza kupinda. Akipaona, achore mstari mpya mwenyewe. Wewe usimshikie penseli.