Naomba ushauri: bastola kiunoni, mkanda wa gari juu yake

Wakuu, salaam. Niko Tanga, nanunua mahindi Handeni na mara nyingi narudi usiku na mke wangu. Bastola naimiliki kwa leseni.

Juzi kabla ya Muheza tukakuta magogo barabarani. Nilirudi nyuma kasi, nikageuza, tukasalimika. Ila mkono ulishaenda kiunoni ukanasa: mkanda wa gari umekandamiza shati juu ya mpini. Mpaka leo nausikia ule mkwamo.

Najua gari kuondoka ndiyo kinga ya kwanza. Mlango ni bati tu, risasi inapenya. Afadhali nyuma ya injini.

Mnaoendesha mkiwa na bastola, mnaivaa wapi? Mke hukaa kushoto, sitaki mdomo wa bastola umwelekee hata sekunde moja.