Benki jirani imefungwa, sasa wanataka kuleta duka la kubeti. Napingaje?

Mama_Saluni
Wadau habari zenu, naombeni ushauri. Niko hapa London, nna saluni yangu ndogo, mlango wa pili kulikuwa na tawi la benki likafungwa, jana nimekuta karatasi imebandikwa dirishani kumbe kampuni ya kubeti inaomba leseni. Na mtaa wenyewe una maduka matatu tayari! Mteja wangu mmoja, mumewe mshahara wote unaishia kwenye zile mashine za kamari za humo madukani. Nataka niwaandikie halmashauri kwamba yametosha. Halafu hawa watu wanalipa kodi kweli? Maana nasikia ukishinda hukatwi hata peni.

Mkongwe_wa_Leyton
Dada ukiandika "yametosha" umeshapoteza. Sheria ya kamari ya 2005 inawakataza halmashauri kuangalia kama mtaa unahitaji duka au hauhitaji. Halmashauri ya Newham hapa London iliinyima kampuni moja leseni ikisema itategemea mashine kuliko kubeti kwenyewe, 2013 mahakama ikaupindua uamuzi wao. Wewe shika uhalifu na ulinzi wa watoto na watu dhaifu, shule iko karibu? polisi wameitwa mara ngapi kwenye hayo matatu? weka tarehe na saa. Una biashara pale kwa hiyo una haki ya kusikilizwa, ila siku ni 28 tu.

fundi_ramani
Mnasahau kibali cha matumizi ya jengo, hicho hakihusiani na leseni kabisa. Zamani benki ikifungwa wenye kubeti wanaingia tu bila kuuliza mtu, ila England toka Aprili 2015 lazima waombe kibali, na huko ndo unaweza kusema mtaa umejaa. Cheki tovuti ya halmashauri kama washaomba, barua yako ya "yametosha" peleka huko.

Kaunta_Boy
Nimefanya kazi kaunta miaka minne. Unajua kwa nini wanabanana mtaa mmoja? Duka moja mwisho mashine nne, ukitaka nane fungua la pili. Zile za ruleti ilikuwa unaweka hadi pauni 100 kila sekunde 20, nimeona mtu kaingia na bahasha ya kodi ya nyumba katoka anaomba nauli, na mimi kazi yangu ni kumuuliza kama anataka chai. Aprili 2019 wakashusha hadi pauni 2, maduka mengi yakafungwa. Huyo mume anaweza kujifungia mwenyewe, yaani aombe maduka yasimruhusu kucheza, simu moja inahusisha maduka mengi, ila lazima apige yeye, mke hawezi kumpigia.

babu_farasi
Kodi wanalipa mwanangu. Sisi zamani tulikatwa 9% palepale kaunta, unaulizwa ulipie sasa au ukishinda, ikafutwa Oktoba 2001. Sasa duka ndo linalipa 15% ya kinachobaki baada ya kulipa washindi, mashine 20%, na mbio za farasi kuna tozo ya 10% pembeni. Ila kodi zinaenda Hazina na ile tozo inarudi kwenye mbio za farasi, halmashauri yako haioni kitu hapo.

Mama_Saluni
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimetoka kuisoma tena ile karatasi, zimebaki siku 9. Shule ya msingi iko nyuma yetu kabisa, watoto wanapita hapa saa tisa kila siku. Kuhusu mume nimemwambia mteja wangu, kacheka tu, anasema huyo simu atapiga ya kukopa.