Kwa nini nauli nafuu za Fastjet hazikudumu Tanzania?

Mkunazini: Assalamu alaykum. Wengi wetu wa Unguja tulikuwa tukivuka kwa boti hadi Dar es Salaam ili kupanda Fastjet, na wapo waliopanda ndege mara ya kwanza maishani kwa sababu yake. Naomba wenye kuujua usafiri wa anga wanieleze: shirika lililoanza kwa kutangaza nauli ya shilingi 32,000 kabla ya kodi lilikwamia wapi, hata likatoweka nchini baada ya miaka sita tu?

Kisauni: Waalaykum salaam. Fastjet ilizaliwa kutokana na shirika la ndege la Fly540, kwa kushirikiana na Stelios Haji-Ioannou, mwanzilishi wa easyJet, shirika la nauli nafuu la Uingereza. Ilianza kuruka tarehe 29 Novemba 2012 kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro, na Oktoba 2013 ikafika Johannesburg, kisha Lusaka, Harare na Entebbe.

Kwa maoni yangu, tatizo kubwa lilikuwa ndege zenyewe. Airbus A319 ya viti 156 huweza kubeba nauli ndogo ikiwa inajaa na inaruka mara nyingi kwa siku. Ikiondoka nusu tupu, gharama ya mafuta, marubani na ada za kutua haipungui kwa nusu. Abiria wa kuijaza asubuhi hadi usiku hawakuwapo, na vibali vya kuingia nchi jirani vilichukua muda mrefu mno, kwani Nairobi ilifikiwa mwaka 2016.

Wete: Nakubaliana na Kisauni, ila tusiisahau dola. Tiketi za safari za ndani ziliuzwa kwa shilingi, ilhali ukodishaji wa ndege hulipwa kwa dola, na mwaka 2015 shilingi yetu iliporomoka vibaya. Tena, kama ilivyo kwa mashirika ya nauli nafuu, kila kitu kilitozwa mbali: begi la kupakiwa chini ya ndege lilikuwa na bei yake, na aliyengoja hadi siku ya safari alilipa nauli kubwa kuliko aliyekata tiketi mapema.

Kisauni: Ni kweli kabisa. Mwaka 2016 uongozi mpya ulihamishia makao makuu Johannesburg na kuleta ndege za Embraer zilizo ndogo zaidi, lakini madeni yalikuwa yameshalundikana, na mwaka huo huo Air Tanzania ilirudi kwa nguvu na ndege mpya za Q400. Desemba 2018 mamlaka ya usafiri wa anga ilitoa notisi ya kusudio la kuifutia leseni, kwa sababu ya madeni. Fastjet ya Zimbabwe ndiyo iliyoendelea kuruka.