Wiki ya 14 tangu nishonwe bega, mkono unaishia usawa wa bega. Ndiyo kawaida au nimeharibu?

FundiRangi aliandika:

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma humu kimyakimya kwa miezi mitatu maana kuandika kwa mkono wa kushoto ni adhabu. Leo nimeamua niulize, usingizi wenyewe hauji.

Mimi ni fundi rangi, miaka 46, mkono wangu wa kazi ni wa kulia. Nilikuwa juu ya ngazi napaka dari, ngazi ikateleza, nikadaka fremu ya dirisha. Mwili ukaenda chini, mkono ukabaki juu. Bega likachomoka kwa mbele. Pale ambapo bega huwa duara pakabonyea, pakawa na kona kama ya sanduku, na chini ya mtulinga pakatokeza nundu. Nilirudishiwa siku ileile nikajua yameisha.

Hayakuisha. Wiki ya tatu navua mkanda wa shingoni, mkono hauinuki hata kupeleka kikombe mdomoni. Ajabu ni kwamba mke wangu akiuinua yeye unapanda bila shida, akiuachia unaanguka kama tawi lililokatwa. Picha ya MRI ikaonyesha kano mbili (kamba zinazofunga misuli kwenye mfupa) kati ya zile nne zinazolikumbatia bega zimeng'oka kwenye mfupa, ya juu na ya nyuma. Nikapasuliwa kwa matundu madogo, zikarudishwa kwa vijiskrubu vyenye nyuzi.

Wiki 6 mkanda. Baada ya hapo mazoezi ya kusaidiwa na mkono mzima. Leo ni wiki ya 14. Nikilala chali mkono unapita hadi juu ya kichwa, raha tupu. Nikisimama unakwama usawa wa bega, na bega lote linapanda kuelekea sikio kama mtu anayesema "mimi sijui". Mfuko wa nyuma wa suruali siufikii. Usiku nikigeukia upande ule naamka.

Kuna jamaa tuliyekutana wodini, yeye alivunjika kiwiko, ameshaanza kazi. Mimi hata brashi ya inchi mbili nikiishika juu ya uso inatetemeka. Je, huu ni mwendo wa kawaida? Na kuna fundi yeyote aliyerudi kupaka dari baada ya hili?

MamaPacha aliandika:

Pole sana kaka. Mimi nilishonwa kano moja tu, ile ya juu, sasa ni mwaka wa pili. Kwanza acha kujipima na kiwiko cha mtu. Mfupa una damu nyingi, unaunga. Kano haina damu ya maana.

Wiki ya 14 mimi nilikuwa nalia bafuni kwa sababu ya kuchana nywele. Kufunga sidiria kwa nyuma niliweza mwezi wa 8 tangu nishonwe, nikaita watu waje waone (dada yangu tu ndiye alikuja). Hiyo ya kupeleka mkono nyuma ndiyo inayorudi mwisho, usiilazimishe.

Usiku: usilale bapa. Mito miwili mgongoni, mmoja chini ya kiwiko ili mkono usidondokee nyuma ya mwili. Huo mto wa kiwiko ndio ulioniokoa kuliko vidonge. Niliutumia karibu miezi mitano, mume wangu akaupa jina.

Halafu weka alama ukutani. Simama ukitazama ukuta, tembeza vidole kupanda kama buibui, pale vinapokoma chora mstari kwa penseli na uandike tarehe. Kila Jumapili, si kila siku! Ukipima kila siku utadhani umesimama palepale. Wewe fundi rangi ukuta wa kuchafua si utaupata.

Kobe_Mwepesi aliandika:

Mkuu, hapo bega limekauka. Tafuta mchuaji mwenye mikono mizito, akuvute barabara siku tatu mfululizo, ukipiga kelele asikuachie. Mimi kifundo changu cha mguu kilifunguka hivyo. Hospitali wanakubembeleza mno.

Mnyoosha_Viungo aliandika:

Kobe, kwa heshima zote, usimpe mtu ushauri huo. Kifundo cha mguu kilichoteguka hakina nyuzi ndani zinazoshikilia kano kwenye mfupa. Kuchua misuli ya shingo na mgongo wa juu kwa mikono laini ni sawa, huwa imechoka kwa kubeba kazi isiyo yake. Kuvuta mkono kwa nguvu, hapana.

FundiRangi, kazi yangu ni hizi habari za viungo, ila sijakuona wala sijaona picha zako, kwa hiyo chukua haya kama maelezo tu.

Bega ni mpira mkubwa uliokaa kwenye kisahani kidogo. Ndiyo maana linazunguka kuliko kiungo kingine chochote, na ndiyo maana linachomoka. Kinachoutuliza mpira katikati ya kisahani ni zile kano nne. Msuli mkubwa wa nje ya bega ukivuta mkono kwenda juu, kano hizo zinatakiwa kuuzuia mpira usipande. Zako zimetoka kushonwa, misuli yake imesinyaa kwa miezi, haiwezi mvutano huo. Mpira unapanda, mwili unatafuta njia ya mkato na kuliinua kombe lote la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni. Hiyo ndiyo "mimi sijui" yako. Mkono ukipanda digrii 180, takriban 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe na 60 kwenye kombe. Wewe kwa sasa unakopa kwenye zile 60.

Kwa nini chali unaweza? Kwa sababu ukishapitisha mkono wima, uzito wake unakusaidia. Ukisimama uzito ni mkubwa zaidi pale mkono unapokuwa usawa wa bega, umenyooka mbali na mwili. Ndipo hapohapo unapokwama. Na kwamba mkono unafika juu ukiwa chali ni habari njema: kiungo hakijaganda, kilichopungua ni nguvu. Kwa hiyo njia ni kuupandisha ugumu kidogo kidogo. Fanya zoezi lilelile ukiwa chali, kiwiko kimekunjwa kwanza. Likiwa jepesi, inua mgongo kwa mito hadi kama digrii 30, kisha 45, kisha ukae wima. Bega likianza kukimbilia sikioni, umeruka ngazi (samahani kwa neno hilo), rudi nyuma.

Kano kushikana na mfupa huchukua kama wiki 12, na hata hapo ni kovu changa linaloendelea kukomaa kwa miezi. Mtego wake ni kwamba maumivu hupungua kabla kano haijawa na nguvu. Mtu anajisikia vizuri, anabeba kitu.

Ndiyo maana nakuuliza mambo mawili. Ngozi ya pembeni ya bega, pale wanapochanja sindano, ina ganzi? Bega likichomoka neva inayopita hapo huweza kuvutika, na neva hiyo ndiyo inayoendesha msuli mkubwa wa nje. Na pili, tangu upasuaji, kuna siku uliteleza, ulidaka au ulibeba chochote?

Mzee_wa_Sukari aliandika:

Mwanangu, bega langu liliganda bila kuanguka popote. Niliamka tu siku moja linauma, mwisho nikashindwa kuvaa koti. Dalili yake ni tofauti na yako: hata mtu mwingine akiuinua haupandi, na ukibana kiwiko ubavuni ukajaribu kuufungua mkono kwenda nje, kama kufungua mlango, unagonga ukuta. Daktari alinieleza kuwa mfuko unaokizunguka kiungo unakuwa mnene na kusinyaa. Wenye kisukari na matatizo ya tezi ya shingo hupata zaidi. Mimi ndipo nilipojua kwamba nina sukari. Lilichukua miaka miwili na nusu kufunguka. Kapime sukari hata kama si hilo, sukari ikiwa juu inachelewesha na kidonda. Na kama unavuta sigara, acha.

FundiRangi aliandika:

Asanteni sana. Mzee wangu, shikamoo, sukari nilipimwa kabla ya upasuaji iko sawa. Sigara niliacha siku ya kuanguka, nadhani kwa hofu tu.

Mnyoosha Viungo, ganzi ilikuwepo, eneo kama kiganja cha mtoto. Ilianza kuondoka mwezi wa pili kwa kuwashawasha, sasa imebaki kama sarafu.

La pili umenikamata. Sijamwambia mtu, hata mke wangu. Wiki ya 9 nilikwenda kumtazama kijana wangu kazini. Bega halikuwa linauma kabisa siku hiyo, nilisahau kama nina bega. Akaniomba nimsogezee ndoo. Ndoo ya rangi, lita 20, imejaa. Nikainua kwa mkono wa kulia, mazoea ya miaka 20, hatua mbili nikakumbuka. Sikusikia kitu kukatika. Ila usiku ule niliumwa kama wiki ya kwanza, na siku tatu mkono ulikuwa mzito. Kliniki nilipoulizwa "kuna lolote?" nikajibu hamna. Niliona aibu. Mtu amekaa saa mbili ananishona, mimi nabeba ndoo.

MamaPacha aliandika:

Kaka yangu, mimi nilidaka sufuria iliyokuwa inaanguka, wiki ya 7. Hakuna aliyepitia hili ambaye hana ndoo yake. Nenda ukaseme.

Mnyoosha_Viungo aliandika:

Nenda kaseme, na useme hivyohivyo: wiki ya 9, kilo ngapi, ulijisikiaje. Ndoo ya lita 20 ya rangi inapita kilo 20, kwa kuwa rangi ni nzito kuliko maji. Ultrasaundi inatosha kuangalia kama kano bado zimeshika. Usijihukumu kabla. Kano ikikatika upya mtu huweza kupoteza uwezo aliokuwa nao, na wewe unavyoeleza hujapoteza, unapanda polepole. Lakini anayekufanyisha mazoezi lazima ajue, la sivyo anakupangia uzito wa bega lisilo lako.

Na bila kusubiri miadi: ukisikia kitu kimekatika na nguvu ikaisha ghafla, ukipata homa au tundu la upasuaji likitoa maji, au vidole vikifa ganzi, nenda siku hiyohiyo.

Kipimo cha mazoezi nyumbani: maumivu yanayotulia ndani ya saa moja hayana neno. Yakikuamsha usiku au yakalala nawe hadi asubuhi, kesho punguza nusu.

Kobe_Mwepesi aliandika:

Nimefuta kauli. Sikujua kuna skrubu.

FundiRangi aliandika (wiki ya 18):

Nimerudi na mrejesho. Nilisema. Daktari hakunifokea, aliandika tu kwa muda mrefu, nadhani kufokewa kungekuwa nafuu. Ultrasaundi: kano ya nyuma imeshika vizuri. Ya juu imeshika ila imekuwa nyembamba upande mmoja, hawezi kusema ni ndoo au ilikuwa hivyo tangu mwanzo, maana ilikaa imeng'oka wiki kadhaa kabla ya kushonwa. Hakuna kupasuliwa tena. Uzito umerudishwa nyuma mwezi mzima, mpira wa kuvuta ule mwepesi kabisa, taulo imekunjwa kwapani, kiwiko hakitoki ubavuni. Kazi ya juu ya kichwa hatuizungumzii kabla ya mwezi wa 9 tangu nishonwe, na hata hapo rola ya mpini mrefu, mikono miwili, viwiko chini.

Zoezi la mito nimefika digrii 45. Bega bado linapanda ila linaanza kwa kuchelewa. Alama ya ukutani: Jumapili ya kwanza ilikuwa mdomoni, sasa ni vidole vitatu juu ya paji la uso. Wiki iliyopita haikusogea hata nywele moja, nikataka kuchora kwa uongo.

Mke wangu naye nimemwambia habari ya ndoo. Alikuwa anajua, kijana alishamwambia siku ileile.

Kazini nimerudi nusu siku. Napaka chini ya madirisha nikiwa nimekaa kwenye kigoda, dari anapaka yeye. Anaacha michirizi kila kona, na mimi naiona yote kutoka chini.