Trabekulektomi: konjaktiva inatoboka, kosa ni la fosepsi?

Mwanathieta:
Wakuu, kwenye trabekulektomi (upasuaji wa glakoma wa kufungua njia ya maji ya jicho kutoka) konjaktiva, ule utando mwembamba juu ya weupe wa jicho, inatoboka vitundu karibu na limbasi (mpaka wa weupe na konea, kioo cha mbele) wakati wa kuirudisha na kushona, hasa kwa wazee waliotumia dawa za matone miaka mingi. Kwenye trei kuna fosepsi (kibano) ya meno ya mm 0.12, isiyo na meno, mkasi wa Westcott na uzi mwembamba wa nailoni 10-0. Ipi itumike wapi? Na tundu likishatokea?

Glakoma_Kanda:
Mkuu, 0.12 ni ya sklera (weupe mgumu wa jicho) na konea. Konjaktiva ya mzee wa matone ni karatasi iliyolowa: jino likishika tu, tundu lipo, hata usipovuta. Tumia isiyo na meno, Moorfields kwa mfano, na ukiweza shika Tenoni (tishu iliyo chini ya konjaktiva) badala ya konjaktiva yenyewe. Ila usihamishie mtindo huo kwenye sklera. Huko isiyo na meno inateleza, utashika mara nne pale pa mara moja, mwisho ukingo wa flepu (kifuniko kinachokatwa kwenye sklera) unachanika.

Watu wanasahau sindano. Ile bapa yenye makali pembeni ni ya flepu ya sklera, kwa kuwa inapita kati ya tabaka. Kwenye konjaktiva inakata mpasuo mpana kuliko uzi, maji yanavuja palepale. Konjaktiva ishone kwa sindano ya mviringo.

Sista wa Trei:
Dokta, kabla ya kulaumu mkono kagua ncha. Chini ya darubini, funga fosepsi polepole: ncha zikutane kwanza. Zikipishana, utabana kwa nguvu zaidi na tishu itapondeka. Nyingi hupinda kwenye kuosha, zikichanganywa na vyombo vizito. Na saline isikaukie juu yake, inatoboa chuma. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi. Westcott ijaribu kwenye glovu nyembamba iliyolowa. Ikitafuna glovu, itatafuna na Tenoni.

Mwanathieta:
Shukrani sista. Na tundu je?

Glakoma_Kanda:
Likionekana kabla ya mitomycin (dawa ya kuzuia kovu), hama eneo au iache kabisa hiyo dawa. Tundu dogo lizungushie mshono kama mdomo wa mfuko, 10-0 sindano ya mviringo, ukiikamata na Tenoni ya chini. Likiwa limbasini, kata ukingo uliochanika, vuta konjaktiva mbele, shona upya. Halafu jaza maji chemba ya mbele ya jicho kupitia kitobo cha pembeni na paka fluoresini (rangi ya kuonyesha uvujaji). Ukiona kijito kinaipasua rangi, bado hujamaliza.